Fimbo ya miguu minne ya fundi wa chukudu, Goma: vile ilimsimamisha bwana yangu (nyota 4 kwa 5)

Jambo kwenu wote. Nilishaahidi watu wengi kama nitaandika juu ya hii fimbo, maana kila siku wananisimamisha njiani, hata kanisani tukitoka misa mama mmoja ananishika mkono ananiuliza, mama, ile kitu Papa, bwana yako, anatembelea nayo mliitoa wapi, ni ya Ulaya? Hapana, haitoki Ulaya. Imetengenezwa hapa hapa Goma, pembeni ya barabara ya Sake, na fundi mwenye kazi yake ya kila siku ni kutengeneza chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma mizigo. Ni ya mbao, iko na miguu minne, chini iko na mpira wa kamio (lori), na ni dola 25. Nitasema uzuri wake na ubaya wake vyote, lakini kwanza lazima nieleze ni kwa nini tulifika kwa fundi wa chukudu, bila hivyo hamtaelewa.

Bwana yangu alipatwa na AVC (kiharusi) mwezi wa tisa 2024. Asubuhi, alikuwa anakunywa chai aende kwenye kazi yake Birere, mtaa wa biashara hapa mjini, anauzaka vipuri vya moto (pikipiki), nikaona kikombe kinaanguka, namuuliza nini, anafungua mdomo na mdomo unaenda upande mmoja, maneno hayatoki, yanatoka sauti tu. Tulimbeba na jirani mpaka hospitali. Siku 19 kitandani. Dokta alinieleza vizuri sana, namshukuru, kwamba upande wa kushoto wa bongo ndio unaongoza mkono na mguu wa kuume, na kwa watu wengi maneno pia yanakaa upande ule wa kushoto, njo maana kwake vyote vitatu viliguswa kwa mara moja: mkono, mguu, na kusema. Akasema miezi mitatu ya kwanza mpaka sita ndio mtu anarudilia nguvu haraka, kiisha inaendelea polepole, isisimame. Ile neno "miezi mitatu" ilinikaa kichwani sawa deni. Nilikuwa nahesabu siku.

Kwa hiyo tulipotoka hospitali nilikimbia kununua kitu cha kutembelea. Kuna duka moja ya mjini (sitaitaja) walituuzia ile ya aluminio, ile ya kushika na mikono miwili mbele yako, dola 70, wakaniambia mama wagonjwa wote wanachukuaka hii. Nilifurahi, ilikuwa inang'aa, nyepesi, nikaona sasa tuko na kitu cha hospitali, Papa atatembea. Hakuna hata mmoja aliniuliza mgonjwa anashika na mikono mingapi. Mkono wa kuume wa bwana yangu ulikuwa umelala kabisa, vidole vinajikunja vyenyewe, sasa anashika upande mmoja na upande mwingine unazunguka, kile kitu kinageuka naye anageuka nacho.

Halafu chini. Wenye mnakaa Goma munajua. Nyumba yetu si mbali na Birere, iko juu ya makoro (mawe ya volkano) ya 2002, ile mwaka moto wa mlima Nyiragongo ulipita katikati ya muji mpaka ziwani, na sisi kama wengine tulijenga juu yake hivyo hivyo. Ndani ni sima, lakini ukitoka mlangoni ni ngazi tatu za mawe na kiisha ni makoro tu mpaka kwenye lango. Zile miguu nyembamba za aluminio zinaingia katikati ya mawe na zinabaki mule. Mwezi wa kumi na moja alianguka pale ngazini, jicho lilipona kwa neema ya Mungu lakini nyusi ilishonwa nyuzi tano. Nilikuwa nimeenda kuchota maji. Narudi na bidoni kichwani nakuta watoto wamemzunguka wanalia na yeye ananiangalia, hasemi kitu, machozi tu.

Kutoka ile siku alikataa kusimama. Nikimwambia Papa twende anageuza uso ukutani. Na hapa nataka kusema na wanawake wenzangu na wanaume pia wenye kulinda mgonjwa nyumbani: niliwaza ananikatalia mimi, niliwaza ni kiburi, nilimkasirikia, nilimwambia maneno ambayo leo sipendi kuyakumbuka. Ni dokta aliniambia kwamba karibu mtu mmoja kwa watatu wenye wamepatwa na AVC wanaingia katika huzuni nzito, na ni sehemu ya ugonjwa wenyewe, si tabia, na kuna dawa na kuna namna ya kusaidia. Kama ningejua hiyo mapema ningenyamaza mara nyingi.

Kiisha mwisho wa Januari 2025 vita ikafika ndani ya muji na sina la kueleza, munajua wote vile tuliishi hapa Goma zile siku. Sisi tulilala chini ndani ya korido, magodoro juu ya madirisha, watu wanakimbia na mimi niko na mtu mwenye hawezi kukimbia. Kine, yule wa kumfanyisha mazoezi ya viungo, hakuweza kuja wiki nyingi. Mguu ule ulianza kukaza, kisigino hakigusi chini. Kile kidogo tulichopata mbele ya Noeli kilipotea chote. Na feza pia, mabenki yamefungwa, dola 70 zangu zimekaa kwenye kona kama stendi ya kuanikia nguo za mtoto.

Kine aliporudi mwezi wa tatu akaangalia ile ya aluminio akaniambia, "Mama, hii ni ya mtu mwenye mikono miwili inashika. Papa anahitaji kitu cha mkono mmoja, kinakaa pembeni yake upande wa mkono muzima, chini kipana, juu mshiko mmoja." Akachora kwenye kaye ya mtoto wangu. Tukatafuta mjini, hatukupata. Na mimi nikiwa kwenye moto narudi naona kijana anashuka na chukudu imejaa makala, inaruka juu ya makoro na haianguki, nikawaza: kitu chenye kinabeba kilo mia kadhaa juu ya haya mawe kila siku, mbao na mpira tu, mbona kisibebe mtu mmoja? Kweli ni hivyo wazo lilikuja. Nilimwambia motari asimame.

Fundi nilimpata yuko anachonga gurudumu. Nikamuonyesha ule mchoro wa kine. Aliuangalia sana halafu akasema neno ambalo kwa ajili yake peke yake ningempa nyota zote tano: "Mama, siwezi kutengeneza kitu cha mtu ambaye sijamuona akisimama. Chukudu yenyewe tunapimaka kwa mwenye kuisukuma." Nikamwambia bwana yangu hasimami. Akasema, basi nitakuja nimuone amekaa.

Alikuja siku ya Mungu kiisha misa, na mita yake na vipande viwili vya mbao chini ya kwapa. Sasa sikilizeni. Kutoka bwana yangu augue, kila mutu anaingia kwetu ananisalimia mimi, ananiuliza mimi, Papa anaendeleaje, Papa anakula, Papa anasikia? Na Papa amekaa pale pale. Anasikia vyote, maneno tu ndiyo hayatoki, na wakati ule alikuwa anasema "hapana" akitaka kusema "ndiyo", mtu asiyemjua anaona kama akili imeondoka. Hata mimi nilishazoea kujibu mahali pake. Huyu fundi alichukua kiti akaweka mbele yake, akamsalimia "Jambo Mukubwa", akangoja. Akangoja! Mpaka jibu likatoka, lilitoka vibaya lakini lilitoka. Kiisha hakumuuliza maswali ya ndiyo na hapana, alimuwekea vile vipande viwili vya mbao juu ya magoti, akamwambia Mukubwa chagua.

Bwana yangu alipokuwa kijana alisukumaka chukudu kutoka Kibumba na mifuko ya mashu (kabichi) na viazi, njo ilimlipia masomo. Sikumwambia fundi hiyo, sikuwaza hata. Alipitisha kidole gumba cha kushoto juu ya kile kipande cha kwanza, akakirudisha. Akashika cha pili, akakipimapima, akakigonga kwa kidole karibu na sikio. Na akasema, wazi, sote tulisikia: "Mbichi." Ilikuwa neno lake la kwanza la maana kutoka miezi mingi ambalo halikuwa sala wala wimbo. (Sala na nyimbo zilikuwa zinatoka, aliweza kuimba na sisi wimbo muzima wa kanisa lakini hawezi kuomba maji, kine alisema inatokeaka hivyo, yale maneno ya mazoea yanapita njia nyingine ndani ya bongo.) Fundi hakucheka, hakumpigia makofi kama mtoto. Alisema, "Kweli Mukubwa, hii ni mikaratusi ya wiki mbili, bado haijakauka, nitaleta ingine." Wakazungumza mbao pale nusu saa, mmoja kwa maneno na mwingine kwa mkono. Mimi niliingia jikoni kwa sababu sikutaka wanione.

Kupima kulikuwa hivi, nawaandikia maana inafaa hata kama munanunua fimbo ya duka: tulimsimamisha mimi na kine (kine alikubali kuja ile siku, Mungu ambariki), viatu mguuni, mkono muzima unaning'inia wenyewe, na mshiko ulipimwa uwe sawa na mstari wa kiungo cha mkono pale unapokunjika. Akishika, kiwiko kinakunjika kidogo tu. Ikiwa refu bega linapanda, ikiwa fupi mgongo unainama na anaanguka mbele. Na inakaa upande wa mkono muzima, si upande wa mguu mugonjwa, wengi wanakosea hapo, hata mimi nilikuwa nawaza kinyume.

Sasa kitu chenyewe. Miguu minne imefunguka chini, imeungwa kwa mbao mbili za kuvuka sawa vile wanaunga shingo ya chukudu, kwa misumari na kwa vifungo, ukiisukuma kwa mguu haitikisiki. Chini ya kila mguu kuna kipande cha mpira wa kamio ya zamani, kinene, na hii ndiyo siri yote, kwa sababu ule mpira ni mpana na unauma jiwe, hauingii katikati ya makoro. Mvua inaponyesha pia unashika. Ngazi zangu tatu za mawe, mguu wa kwanza wa ile fimbo unatafuta nafasi, inakaa, ndio anapanda. Kine alimfundisha: fimbo, mguu mugonjwa, mguu muzima, fimbo, mguu mugonjwa, mguu muzima. Kwa ngazi, kupanda ni mguu muzima wa kwanza, kushuka ni mguu mugonjwa wa kwanza pamoja na fimbo. Watoto wangu wote wanajua sasa, wanamhesabia kwa sauti na yeye anahesabu nao, na namba zinatoka mdomoni bila shida.

Ubaya uko. Wa kwanza, uzito. Niliweka kwenye kilo ya jirani anauza maharagwe, ni kilo nne na kidogo, kwa mtu mwenye amechoka ni nyingi, na mtu wa AVC anachoka kuliko unavyowaza, anaamka amechoka. Miezi ya kwanza alikuwa anatembea hatua kumi na mbili anakaa. Wa pili, mlango wa choo: fimbo ni pana chini na mlango wetu ni mwembamba, inagonga, ilibidi tung'oe kipande cha fremu. Pimeni milango yenu mbele ya kuagiza, fundi hakufikiri hiyo na mimi pia. Wa tatu, mshiko ulikuwa mgumu, ulimtoa malengelenge wiki ya kwanza, nikaufunga na mpira wa ndani wa kinga (baiskeli), sasa uko sawa. Wa nne, siku. Alisema siku nne, ilikuwa siku 11, na nikipiga simu ananiambia mbao bado inakauka mama. Kwa upande huo bwana yangu alimtetea! Aliniinulia mkono, maana yake ngoja.

Na mguu mmoja ulipasuka kiisha mwezi na nusu, kwenye musumari. Fundi alibadilisha bure, alikuja mwenyewe na sikulipa hata usafiri. Mipira ya chini ilibadilishwa mara moja, nililipa franka kidogo tu.

Lakini sitaki muwaze kama fimbo ilifika na mambo yakanyooka. Wiki ya tatu malaria ilimshika, homa siku nne, na alipotoka ndani ya homa alikuwa amerudi nyuma kabisa, mguu unatetemeka, maneno yamepungua tena. Nilimletea fimbo karibu na kitanda na aliisukuma ikaanguka. Nilienda kukaa nje juu ya jiwe, nikalia hata sikujali majirani. Kine aliponikuta pale aliniambia kwamba mgonjwa wa AVC akipata homa ama maambukizi yoyote anarudi nyuma, na mara nyingi nguvu inarudilia mahali ilikuwa, si kuanza upya kutoka zero, lakini kama upungufu umekuja ghafla, uso unapinda ama mkono unakufa tena, hiyo usingoje, kimbia hospitali ile saa. Hiyo tofauti iandikeni mahali. Akaniambia pia nisimsukume, niache fimbo mahali anaiona, nisiseme kitu.

Nikaiacha. Siku nane. Nikapika, nikamuosha, nikamgeuza, nikampa dawa zake za tansio (presha) kwa saa yake, chakula bila chumvi mingi (sombe bila kube, ile ya kuunga mchuzi, na bila chumvi watoto walilalamika, mwisho tulizoea sote, dokta alisema kwa mtu mzima kijiko kimoja kidogo cha chai kwa siku nzima ndio mwisho, na hiyo ni pamoja na chumvi ya kube na ya samaki wakavu). Sikusema fimbo. Ilikuwa ngumu kwangu kuliko kusema.

Usiku wa nane, saa tisa, naamka nasikia ko. Ko. Nafasi ya kitanda iko tupu. Alikuwa ameenda choo peke yake, amesimama pale mlangoni anashindwa kuingia kwa sababu ile fimbo pana imegonga fremu, na anaigonga gonga kwa hasira. Nilikuwa na furaha na uoga kwa mara moja, miguu yangu yenyewe haikunishika. Nilimwambia Papa ungeniamsha. Akaniambia: "Unalala. Umechoka." Maneno mawili. Miezi karibu tisa nilikuwa nawaza haoni vile nachoka.

(Usimwache mgonjwa atembee usiku peke yake, hata hivyo. Tuliweka taa ya sola ndogo ya kwenye ukuta, tuliondoa mkeka, na sasa ananigonga bega kwanza.)

Kitu kingine ambacho si cha fimbo lakini nisipokiandika nitaumia: musivute mkono mugonjwa. Motari mmoja alitaka kutusaidia akamvuta kwa ule mkono wa kuume amuinue, kwa moyo muzuri kabisa, na bega lilimuuma wiki tano. Misuli inayoshika bega imelegea, mfupa unateremka kirahisi. Mushike kiunoni, kwenye mukaba, upande wa mwili wenye ugonjwa. Waambie wageni wote mbele hawajagusa.

Bei ninaiona ya haki. Dola 25 kwa kitu kilichopimwa kwa mwili wa mtu, na mtu amekuja nyumbani, na amerudi kurekebisha. Kwa kila mgonjwa? Hapana. Kama mgonjwa wako ana mikono yote miwili na miguu tu ndiyo dhaifu, ile ya mikono miwili itamfaa, hasa ndani ya nyumba ya sima. Kama bado hawezi kusimama na msaada, hii itamuangusha. Ulizeni kine kwanza, mchoro utoke kwake, si kwa fundi wala kwangu. Mimi ninaeleza tu ile ya kwetu.

Nyota moja naitoa kwa sababu ya uzito na ule mlango. Nne zimebaki na nazitoa kwa moyo wote.

Leo anatembea kutoka mlangoni mpaka kwenye lango na kurudi, asubuhi na jioni, na siku ya Poso (Jumamosi) anafika mpaka kwa muuza sambaza, wale samaki wadogo, kwenye kona, anachagua yeye mwenyewe, polepole, na yule mama ameshajua kungoja. Mkono bado haujafunguka. Maneno yanakuja, mengine yanakuja vibaya, akikasirika yanakuja haraka. Birere bado, tutaona.

Tumeagiza ya pili. Nyepesi, mbao ingine, chini sentimita 35 tu ili ipite choo. Safari hii sikuenda mimi kuongea na fundi, nilimpa Papa simu, nikaenda kufua. Waliongea muda mrefu. Nilipouliza itakuwa tayari lini akaniambia, "Arhamisi. Ikikauka."